Kabla ya Kuchagua Programu ya NMR, Uliza Utatokaje

Mkemia anapotaka kuhakikisha kwamba molekuli aliyoitengeneza maabarani ndiyo aliyoikusudia, huyeyusha miligramu chache ndani ya mrija mwembamba wa kioo na kuuingiza katikati ya sumaku kali. Viini vya haidrojeni vilivyomo hupigwa kwa mawimbi ya redio, navyo hurudisha ishara hafifu inayofifia ndani ya sekunde chache. Kipimo hicho ndicho NMR, na ndicho kilichozaa mashine za MRI za hospitalini. Ishara yenyewe haisomeki kwa macho. Sharti kompyuta iipitishe kwenye hesabu ya Fourier, na kuiingiza hesabu hiyo katika NMR ni miongoni mwa kazi zilizompa Richard Ernst wa Uswisi Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1991. Baada ya hapo huonekana vilele kwenye mchoro uitwao spektra. Ethanoli, kwa mfano, hutoa makundi matatu ya vilele yenye uwiano wa 3:2:1, sawasawa na idadi ya haidrojeni katika kila sehemu ya molekuli yake.

Kwa hiyo spektra inayochapishwa kwenye jarida imepita mikononi mwa mtu: kuna aliyenyoosha awamu, aliyesawazisha mstari wa chini, aliyeamua kilele kinaanzia wapi na kuishia wapi. Programu za kazi hiyo ni nyingi. Kati ya watengenezaji wa mashine, Bruker wana TopSpin na JEOL wana Delta; Wahispania wa Mestrelab wanauza MestReNova. Kwa upande wa programu huria ipo nmrglue inayotumia lugha ya Python, na NMRium inayofunguka ndani ya kivinjari. Wanunuzi wengi huanza na bei, kisha uzuri wa kioo. Mimi naona swali la kwanza liwe jingine: siku nikiiacha programu hii, data yangu itafunguka kwingine, na mtu mwingine ataweza kuzirudia hatua zangu? Mwaka 2014 kampuni ya Agilent, iliyokuwa imeinunua Varian, mtengenezaji wa mashine za NMR, ilijiondoa katika biashara ya NMR. Maabara zilizokuwa na mafaili ya Varian hazikupoteza kazi zao, kwa sababu programu za wengine zilikwisha kujua kuyasoma.

Atatokea wa kusema kwamba hesabu ni ileile popote, basi kuna haja gani ya kuhangaika? Hesabu ni ileile, ila kinachoingizwa humo si kilekile. Mashine za Bruker huchuja ishara kidijitali, na mchujo huo huichelewesha, hata makumi kadhaa ya nukta za mwanzo hazibebi ishara yenyewe bado. Kiasi cha ucheleweshaji huandikwa katika faili dogo la vigezo linalokaa kando ya data. Programu isiyolisoma hutoa spektra iliyojipinda kama mawimbi, na mtumiaji asiyejua chanzo atashinda akizungusha kitufe cha awamu bila mafanikio.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu, ninayeegemea msimbo ulio wazi, ni ya mwaka 2019. Wakemia wa Chuo Kikuu cha Hawaii waligundua kwamba skripti za Python zilizochapishwa mwaka 2014, za kukokotoa mahali vilele vya NMR vinapopaswa kuwa, zilitoa majibu tofauti kwenye kompyuta tofauti. Ziliyachukua mafaili kwa mpangilio uliotolewa na mfumo wa kompyuta, na mifumo haipangi kwa namna moja. Makala zaidi ya 150 huenda ziliguswa. Je, huo si ushahidi kwamba vya bure vina walakini? Walakini ulikuwepo, sikatai. Lakini ulionekana kwa sababu msimbo uko wazi, mtu akausoma na kuurekebisha. Kosa la aina hiyo likijificha ndani ya programu iliyofungwa, mtumiaji wa nje hana pa kuchungulia.

Hata hivyo mkemia si lazima awe mwandishi wa programu, na leseni ya kulipia huleta msaada wa haraka pamoja na zana nzuri za spektra za pande mbili. Maabara yenye fedha inunue tu. Ninachodai ni kwamba folda iliyotoka mashineni isiguswe kamwe, ikae nzima pamoja na vigezo vyake, na hatua za uchakataji ziandikwe. Picha ya PDF haitoshi. Mwaka 2013 Amos Smith, mhariri wa jarida la Organic Letters, aliandika kuhusu spektra zilizowasilishwa kwake zikiwa zimefutwa vilele vya uchafu. Kwenye picha, ufutaji wa namna hiyo ni rahisi kupita bila kuonekana. Kwenye data ghafi, vilele vilivyofutwa hurudi mara ishara ya awali inapochakatwa upya.

Jaribio la kufanya kabla ya kulipa ni la mchana mmoja, ingawa muuzaji hatakukumbusha: chukua folda ya zamani ya sampuli unayoijua vizuri, ichakate kwa programu unayoitaka na kwa nyingine ya bure, kisha linganisha maeneo ya vilele. Yakitofautiana, mwombe muuzaji akueleze kwa nini, na usikilize kama anajua.