Mafuta ya damu hayangoji uzee

"Miye ningali kijana, nabeba mawe, moyo yangu iko nguvu." Maneno hayo tunayasikia kila siku ku mgodi. Lakini mwaka 1953 baganga wa Marekani walitoa habari ya askari 300 waliouawa katika vita ya Korea. Walipasua mioyo yao. Umri ulikuwa karibu miaka 22, na kwa askari 77 juu ya 100 mishipa ya moyo ilikuwa imekwisha kuanza kuharibika. Vijana wa mazoezi, ndugu! Kolesteroli inajibandika pole pole ndani ya mshipa, bila maumivu, tumbako inaiharakisha. Basi siku wanapotutosha damu ku lopitali, tuombe wapime na kolesteroli, zaidi kama baba ao ndugu wa tumbo moja alipatwa na ugonjwa wa moyo mbele ya miaka 55.