Mazimwi ya Mpira

Mtoto aliyesikia hadithi ya zimwi usiku hujifunika shuka mpaka kichwani. Je, mwasemaje juu ya mtu mzima aliyekaa miaka mingi katika nyumba iliyojaa mazimwi, tena kwa furaha?

Mtu huyo ni Forrest J Ackerman, wa mji wa Los Angeles huko Marekani. Alizaliwa mwaka 1916. Tangu utoto alikusanya vitabu vya hadithi za ajabu, kisha akaongeza vinyago, mavazi na vyombo vilivyotumika katika senema za kutisha. Mwaka 1958 alianza kuhariri gazeti la picha za mazimwi, Famous Monsters of Filmland, lililopendwa sana na vijana. Yasemwa vitu vyake vilifika 300,000. Siku za Jumamosi aliwafungulia wageni mlango, wakatazama bila kulipa hata senti.

Miaka hiyo televisheni nayo ilitisha watu. Toka 1963 hata 1965 ilionyeshwa michezo iitwayo The Outer Limits. Zimwi la mchezo mmoja wa mwaka 1963 lilitisha hata vituo vingine vya televisheni vikaficha picha yake.

Basi, zimwi hilo ni kitu gani? Fundi hufinyanga sura kwa udongo, akaifunika kwa plasta apate kalibu. Kisha hupiga utomvu wa mpira mpaka ufanye povu, kama mama apigavyo mayai, akalimimina katika kalibu na kulioka. Hutoka ngozi laini, ikapakwa rangi. Mtoto akielezwa hayo, hofu yake hupungua.

Zamani mchezo ulipokwisha, vinyago hivyo havikuthaminiwa. Vingine vilitumika tena, vingine vilitupwa. Kwa hiyo vya asili ni haba leo, na bei yake ni kubwa. Penye bei kubwa wadanganyifu hawakosi. Mnunuzi mwenye akili hulinganisha kinyago na picha za mchezo wenyewe: alama za rangi, mikunjo, hata makovu madogo.

Lakini yuko adui kuliko mdanganyifu. Mpira huoza. Joto, mwanga na hewa huukausha, ukapasuka, mwisho ukawa vumbi. Watunzaji huweka vinyago mahali penye baridi na giza, na kutia kichwa cha bandia ndani yake visibonyee. Hata hivyo, wanachelewesha tu.

Ackerman alitamani vitu vyake vikae pamoja, watu wote wavione. Haikuwa hivyo. Mwaka 2002, kwa sababu ya ugonjwa na gharama za kesi, aliuza vingi akahamia nyumba ndogo. Huko pia aliendelea kukaribisha wageni. Alifariki mwaka 2008, na mwaka uliofuata vitu vyake vikauzwa mnadani, huyu hiki, yule kile.

Nasi nyumbani tuna vitu vya wazee: ngoma, kigoda, picha ya harusi ya babu. Mchwa na unyevu havingoji. Baba na mama, waiteni watoto mapema. Waambieni kila kitu kilitoka kwa nani, na nani atakitunza. Kitu kisicho na habari zake, mrithi hukiona kuni tu.