Mji Unapomeza Jirani: Mipaka Inavyojadiliwa Ohio

Wengi wetu tunauona mpaka wa mji kama kazi ya mpima ardhi: kaja, kaweka mawe, kaondoka zake. Kumbe mstari huo ndio unaoamua nani atakukata kodi, bomba la maji litafika kwako lini, mtoto wako ataandikishwa shule ipi na utampigia kura nani. Ndiyo maana mji ukianza kutanuka, walio nje ya mpaka hawalali usingizi.

Makala hii inaeleza mvutano huo kwa kutumia jimbo la Ohio, Marekani. Huko miji na majirani zao wa mashambani wamevutana kwa miongo mingi, wakapelekana mpaka mahakamani, na baadaye baadhi yao wakaamua kukaa mezani. Kama unasoma mipango miji, sheria au utawala, mfano huu utakufaa darasani. Kama husomi hayo, utakufaa siku mji utakapofika mlangoni kwa wazazi wako.

Taunishipu ni kitu gani?

Kwanza tuelewane kwenye neno. Kwetu Tanzania, mamlaka ya mji mdogo ni kimji kinachochipukia ndani ya halmashauri ya wilaya. Taunishipu ya Ohio ni kitu kingine kabisa.

Mwaka 1785 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kupima ardhi ya magharibi kabla ya kuiuza. Ardhi ilikatwa viboksi vya maili 6 kwa maili 6. Kila kiboksi kiligawanywa vipande 36 vya maili moja ya mraba, na kipande namba 16 kilitengwa kwa ajili ya shule. Upimaji huo ulianzia eneo ambalo leo ni mashariki mwa Ohio. Kutokana na upimaji wa namna hiyo zikazaliwa taunishipu, yaani serikali ndogo za mashambani.

Hadi leo taunishipu ya Ohio inaongozwa na wadhamini watatu wanaochaguliwa na wakazi, pamoja na mtunza fedha. Wanashughulikia barabara za ndani, makaburi, zimamoto na mambo mengine ya kila siku. Kwa mtazamo wa mkazi, hiyo ni serikali ya karibu sana, kwa sababu mdhamini anaweza kuwa jirani yako wa shamba la pili.

Tatizo liko kwenye mfuko. Taunishipu hutegemea zaidi kodi ya ardhi na majengo. Yenyewe haina mamlaka ya kutoza kodi ya mapato. Mji unayo, na kodi hiyo hulipwa pale mtu anapofanyia kazi, hata kama analala kwingine. Columbus, mji mkuu wa jimbo, hutoza asilimia 2.5.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Kiwanda kina wafanyakazi 1,000, kila mmoja analipwa dola 40,000 kwa mwaka. Kikiwa ndani ya mpaka wa Columbus, jiji linapata dola 1,000 kwa kila mfanyakazi, yaani dola milioni 1 kila mwaka. Kikiwa hatua chache nje ya mpaka, kwenye taunishipu, jiji halipati hata senti ya kodi hiyo kwa wafanyakazi wasioishi ndani ya jiji. Sasa unaona kwa nini watu wanagombania hatua chache.

Columbus: ukitaka maji, ingia mjini

Mwaka 1954 Jack Sensenbrenner aliingia madarakani kama meya wa Columbus. Jiji lilikuwa na silaha moja kubwa: maji safi na mfumo wa majitaka. Sera ikawa nyepesi kueleweka. Anayetaka bomba la jiji, akubali kwanza eneo lake liingizwe ndani ya mpaka wa jiji.

Kwa mwenye ardhi aliyetaka kujenga nyumba mia mbili, sharti hilo lilikuwa gumu kulikwepa. Nyumba moja ya shambani inaweza kuishi na kisima na shimo la majitaka. Nyumba mia mbili zilizobanana haziwezi. Kwa hiyo wenye ardhi wenyewe wakawa wanaomba kuingizwa mjini. Mwaka 1950 Columbus ilikuwa na eneo la kama maili za mraba 40. Leo ina zaidi ya 200, sawa na zaidi ya kilomita za mraba 500.

Linganisha na Cleveland, jiji jingine la Ohio. Cleveland ilizungukwa na miji midogo yenye mamlaka yake, ikakosa pa kutanukia. Mwaka 1950 ilikuwa na watu 914,808. Sensa ya mwaka 2020 iliwakuta 372,624. Columbus mwaka huo ilikuwa na watu 905,748. Mipaka si sababu pekee, kwani Cleveland ilipigwa pia na kufungwa kwa viwanda. Lakini watu na biashara walipohamia pembezoni, Columbus iliendelea kupata kodi yao, Cleveland ikabaki inawaangalia. David Rusk, aliyewahi kuwa meya wa Albuquerque, aliandika kitabu mwaka 1993 akitetea hoja hiyo: mji unaoweza kutanuka hustahimili mabadiliko kuliko mji uliobanwa.

Ukiishia hapo utadhani Columbus ilifanya kila kitu sawa. Waulize wa taunishipu.

Utaratibu wa kawaida Ohio ni kwamba wenye ardhi katika eneo husika, wakiwa zaidi ya nusu, husaini ombi na kulipeleka kwa makamishna wa kaunti. Wakazi wengine wa taunishipu hawapigi kura. Mkulima mwenye shamba kubwa akikubaliana na mjenzi, saini chache zinatosha kuanzisha safari ya kipande hicho kuondoka. Kinaondoka na matumaini ya kodi ya baadaye. Wanaobaki wana barabara zile zile za kukarabati na gari lile lile la zimamoto la kulipia, ila wachangiaji wamepungua.

Na vipande haviondoki kwa mpangilio. Kinaondoka hiki leo, kile kesho, mpaka taunishipu inabaki viraka. Ukitazama ramani ya Columbus utaona mabaki ya taunishipu yamezungukwa na jiji kila upande. Gari la zimamoto linaweza kukatiza mitaa ya jiji ili lifike kwa wakazi wake lenyewe.

Kuna na suala la shule. Ohio mpaka wa jiji na mpaka wa wilaya ya shule ni vitu viwili tofauti. Columbus ilipomeza maeneo mapya, mengi yalibaki kwenye wilaya za shule za pembezoni. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha hukumu kwamba shule za Columbus zilikuwa zimetenganisha watoto weusi na weupe, na kwamba hali hiyo lazima irekebishwe. Baada ya hapo, familia iliweza kununua nyumba ndani ya jiji lakini nje ya wilaya ya shule za jiji, ikapata huduma za mjini bila kugusa wajibu huo. Mgogoro ulituliwa mwaka 1986 kwa makubaliano yaliyojulikana kama Win-Win. Shule za pembezoni zilibaki na maeneo ziliyokuwa nayo, na zikakubali kugawana sehemu ya mapato na shule za jiji. Kwa maneno mengine, mstari uliochorwa kwa ajili ya maji ulikuja kuamua watoto wa nani watakaa darasa moja.

Akron: kugawana bila kumezana

Kaskazini mashariki mwa Ohio kuna Akron, mji uliojulikana kwa matairi. Goodyear, Firestone na B.F. Goodrich zote zilianzia hapo. Mwaka 1960 Akron ilikuwa na watu 290,351. Kufikia 1990 walibaki 223,019. Viwanda vimepungua, ardhi ya wazi imekwisha, biashara mpya zinajengwa kwenye taunishipu za jirani. Taunishipu nazo zina ardhi lakini hazina maji ya kutosha wala mfumo wa majitaka. Na kila wakiona gari la jiji linapima, wanajua kipande kingine kinakaribia kuondoka.

Katikati ya miaka ya 1990, chini ya Meya Donald Plusquellic, Akron iliingia mikataba na taunishipu za Copley, Coventry na Springfield. Waliunda wilaya za pamoja za maendeleo ya kiuchumi. Kwa ufupi, makubaliano yalikuwa hivi. Jiji linapeleka maji na majitaka. Jiji linaahidi kutoumeza mji wa jirani. Taunishipu inabaki na wadhamini wake na kodi yake ya ardhi na majengo. Wanaofanya kazi ndani ya wilaya hiyo maalumu wanalipa kodi ya mapato, ambayo inagawanywa kwa mujibu wa mkataba.

Mstari wa mpaka haukusogea. Kilichovuka ni maji kwenda upande mmoja na fedha kwenda upande wa pili. Kila upande uliacha kitu. Jiji liliacha ndoto ya kuongeza eneo na wapiga kura, taunishipu zikakubali kodi ambayo hazikuwahi kuwa nayo.

Mpango huu nao una malalamiko yake. Mfanyakazi anayetoka mbali anakatwa kodi kwenye wilaya ambayo hana kura ndani yake. Mwenye duka aliyekuwa pale miaka yote, na kisima chake kinamtosha, anaambiwa wafanyakazi wake sasa watakatwa. Mazungumzo yalipunguza vita kati ya serikali na serikali. Hayakumaliza maswali ya mwananchi mmoja mmoja.

Mezani wanajadili nini hasa?

Majimbo mengine yana njia zake. Michigan ina Sheria Na. 425 ya mwaka 1984. Taunishipu inaweza kuhamishia ardhi mjini kwa mkataba usiozidi miaka 50 kwa awamu moja, na mkataba lazima useme ardhi itakuwa ya nani ukiisha. Minnesota inaruhusu mji na taunishipu kukubaliana mapema ni maeneo gani yataingia mjini, na mji kuilipa taunishipu fidia ya kodi inayopotea. Ukizitazama njia zote hizi, utakuta maswali ya mezani yanafanana.

La kwanza, mji utaishia wapi? Panachorwa mstari wa mbele, kwamba ndani yake mtatanuka na nje yake hamgusi. Mkulima aliye nje anajua anaweza kupanda miti ya matunda bila wasiwasi.

La pili, lini? Ardhi inaweza kuingia mjini mwenye nayo akiomba, ujenzi ukianza, au mashimo ya majitaka yakianza kuchafua visima. Bila kutaja kichocheo, neno "baadaye" kila mtu analitafsiri anavyotaka.

La tatu, kodi itapanda vipi? Mkazi akiamka asubuhi anadaiwa kodi ya mjini huku bomba halijafika, lazima alalamike. Ndiyo maana baadhi ya mikataba hupandisha kodi kidogo kidogo, ikienda sambamba na huduma.

La nne, nani analipia bomba, na kama mapato yasipokuja deni linabaki kwa nani?

Kwetu je?

Tanzania hali ni tofauti kisheria. Ardhi yetu iko chini ya udhamini wa Rais, na maeneo ya utawala hutangazwa na serikali kuu. Kijiji hakikai mezani na jiji kama walivyokaa Copley na Akron. Hata hivyo sheria haijakiacha kijiji bila sauti. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, Rais anapotaka kuhamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma, eneo lisilofika hekta 250 huhitaji mkutano mkuu wa kijiji ukubali au ukatae. Likizidi hapo, uamuzi uko kwa waziri, baada ya kupata mapendekezo ya mkutano huo huo. Sheria ya Ardhi nayo inataka fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati.

Lakini fidia inajibu swali moja tu: shamba hili ni kiasi gani? Yale maswali manne ya Ohio hayajibiwi na hundi. Kijiji kikigeuka mtaa, halmashauri ya kijiji iliyokuwa ikisimamia ardhi inaondoka. Maji yatafika lini? Kodi ya majengo itaanza kabla ya barabara au baada? Mji utaishia wapi, ili mwenye shamba la mbele ajue apande mihogo ya mwaka huu au minazi ya wajukuu?

Kila chuo kikubwa kilichojengwa nje kidogo ya mji kinaujua mchezo huu. Tunapanga mageto kwenye maeneo ambayo juzi yalikuwa mashamba, na sisi wenyewe ni sehemu ya mji unaotanuka. Mwenye nyumba wako huenda ndiye mkulima aliyeuza robo tatu ya shamba akabakisha kiwanja.

Wapo kati yetu watakaokuwa maofisa mipango, mawakili na madiwani. Wengine wataitwa nyumbani kusoma barua ya halmashauri kwa sababu ndio wenye digrii kwenye ukoo. Barua hiyo ikifika, usiishie kwenye kiwango cha fidia. Uliza mstari unaishia wapi, lini, kwa kodi gani na kwa gharama ya nani. Na uulize mapema, kabla mkutano mkuu haujapiga kura, kwa sababu Akron na jirani zake walipata cha kujadili wakati ule ambapo bado kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake anakitaka.