Kipawa Hakijitangazi: Kweli na Uongo Kuhusu Walimu wa Watoto Wenye Vipawa

Ingia shule ya msingi ya umma kati ya Ukunda na Lungalunga, uulize mwalimu aliyesomea elimu maalum ni yupi. Ukibahatika, utaelekezwa kwa anayewashughulikia watoto viziwi, wasioona au wenye ulemavu wa akili. Sasa uliza aliyesomea kuwafundisha watoto wenye vipawa. Yaelekea utajibiwa kwa kicheko: "Hao si wanajisomea wenyewe!"

Kicheko hicho kimebeba dhana nyingi, na mtoto wa kaunti ya Kwale ndiye anayezilipia. Hizi hapa nane kati ya zile zinazosikika sana, kila moja na hukumu yake.

1. "Mwenye kipawa ni yule anayeshika nambari moja."

SI KWELI. Huenda anacho, na huenda pia ni mtoto wa kawaida mwenye bidii, anayekula akashiba, anayesoma chini ya taa ya umeme na ambaye mamake hupata nafasi ya kukagua daftari kila jioni. Mtihani hautenganishi mambo hayo.

Hata vipimo vya akili vilivyotungwa na mabingwa vimewahi kukosea vibaya. Mwaka 1921, Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kuwateua watoto zaidi ya 1,500 waliopata alama za juu sana katika kipimo chake, kisha akawafuatilia hadi utu uzima. Miongoni mwa waliopimwa wakaachwa kwa kukosa alama za kutosha walikuwa wavulana wawili, William Shockley na Luis Alvarez. Shockley alishinda Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956, Alvarez mwaka 1968. Katika lile kundi lililoteuliwa hakutokea hata mshindi mmoja wa tuzo hiyo.

Ndiyo maana wataalamu wengi siku hizi huanzia kwa Joseph Renzulli, mtaalamu wa elimu wa Marekani, ambaye mwaka 1978 alieleza kwamba kipawa huzaliwa pale mambo matatu yanapokutana: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na ari ya kuing'ang'ania kazi hadi iishe. Hakusema uwezo huo lazima uwe wa kupindukia. Mwalimu aliyefunzwa huyatafuta yote matatu, na mawili ya mwisho hayamo katika karatasi ya mtihani.

2. "Sheria ya Kenya inamhesabu mtoto mwenye kipawa kuwa na mahitaji maalum."

KWELI, na wazazi wengi hawalijui hili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 44, inapowataja watoto wenye mahitaji maalum inawaweka wenye ulemavu mbalimbali pamoja na wanafunzi wenye vipawa na vipaji vya pekee. Sera ya elimu ya mahitaji maalum ya mwaka 2009 nayo iliwataja.

Vyombo pia vipo. Vituo vya upimaji na rasilimali za elimu vilianza kufunguliwa nchini mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, ilianzishwa Kasarani, Nairobi, mwaka 1986. Lakini kwa miaka yote hiyo nguvu nyingi zimeelekezwa kwenye ulemavu. Sababu inaeleweka: mtoto asiyeona akikosa mwalimu wake, kila mtu anaona hasara. Mtoto mwenye kipawa akikosa wake, anaendelea kupata alama 60 kwa 100 na watu wanampongeza.

3. "Mtoto wa kijijini asiyekimudu Kiingereza hawezi kuwa na kipawa."

SI KWELI, na kwa Kwale huenda hii ndiyo dhana yenye madhara kuliko zote. Mtoto wa Kidigo au Kiduruma anaingia darasani na lugha ya nyumbani, anaongezewa Kiswahili, kisha anapimwa kwa Kiingereza. Swali la hesabu likiandikwa kwa sentensi tatu ndefu za Kiingereza, kinachopimwa kwanza ni kusoma. Hesabu inafuata nyuma.

Kuna utafiti uliofanywa Usenge, karibu na Ziwa Viktoria, ukachapishwa mwaka 2001 na kundi lililowahusisha wanasaikolojia Robert Sternberg na Elena Grigorenko. Watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 waliulizwa kuhusu dawa za miti shamba: dawa ipi ni ya ugonjwa gani, inatokana na nini, inatumiwa kwa kiasi gani. Wakapimwa pia msamiati wa kishuleni. Waliozijua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini katika msamiati. Hawakuwa wazito wa akili; akili yao ilikuwa imewekezwa mahali ambapo jamii yao iliona ina faida.

Yalete hayo pwani. Yuko mtoto wa Shimoni au Vanga anayejua kutokana na upepo na mwezi ni siku gani nyavu zitarudi tupu. Yuko kijana wa Diani asiyewahi kukanyaga darasa la Kijerumani wala Kiitaliano, lakini anazungumza lugha zote mbili na watalii ufukweni, akibadilisha lafudhi kulingana na mteja. Yuko anayekaa kwenye ngoma ya sengenya akashika pigo la chapuo kwa kulisikia mara moja. Shuleni, watatu hawa wanaweza kuwa wamekaa nyuma kabisa. Mwalimu mwenye mafunzo huuliza mtoto hufanya nini akiwa nje ya darasa, huwasikiliza wazazi na walimu wa madrasa, na humpa maswali ya kufikiri kwa lugha anayoimudu kabla ya kumhukumu.

4. "Watoto wenye vipawa hawahitaji mwalimu maalum, watafaulu wenyewe."

SI KWELI. Wapo wanaofaulu, lakini wengi huchoka. Aliyemaliza zoezi kwa dakika kumi katika kipindi cha dakika thelathini na tano atafanya nini? Katika shule zetu huwa kuna njia mbili: apige kelele aadhibiwe, au apewe karatasi awaandike majina wapiga kelele. Huko ndiko kipaji chetu kinakotumika.

Mwaka 1993, Sally Reis na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Marekani. Walimu waliwaondolea wanafunzi wenye uwezo mkubwa kati ya asilimia 40 na 50 ya masomo, yale waliyokuwa tayari wanayajua. Alama za watoto hao hazikushuka.

Kazi ya mwalimu wa vipawa iko hapo. Kabla ya kuanza mada, anatoa maswali machache kuona nani tayari anaijua. Aliyekwisha kuijua harudishwi nyuma, na hapewi maswali ishirini zaidi ya aina ileile. Anapewa jambo zito zaidi. Chukua darasa la Gazi linalosoma asilimia na vipimo. Pale kijijini upo mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza hati za takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kila mwaka. Wenzake wakifanya zoezi la kitabuni, mtoto huyu aulizwe: tani hizo zimehesabiwaje, na hakuna aliyeweka msitu kwenye mizani? Apewe utepe wa kupimia, atumwe kwenye miti, arudi na jibu lake na makosa yake. Hapo hatakuwa na muda wa kupiga kelele.

5. "Anayewafundisha lazima awe na akili kuwashinda."

SI KWELI. Kama ingekuwa hivyo, hakuna mwanafunzi ambaye angewahi kumpita mwalimu wake. Anachohitaji ni ujasiri wa kusema "sijui, tutafute", mbinu za kuuliza maswali yasiyo na jibu moja, na moyo wa kumtafutia mtoto mtu anayejua zaidi: fundi wa mashua, muuguzi wa Msambweni, mhandisi.

Peter Tabichi alikuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule ya kutwa ya Keriko, kaunti ya Nakuru, penye kompyuta moja tu na intaneti ya kubabaisha. Alianzisha chama cha kukuza vipaji, akapanua chama cha sayansi, na wikendi akawatembelea majumbani wanafunzi waliosuasua. Wanafunzi wake walibuni kifaa cha kuwasaidia wasioona na viziwi kupima vitu. Mwaka 2019 alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani yenye thamani ya dola milioni 1. Vipawa vilikuwa pale Keriko tangu awali. Kilichoongezeka ni mtu wa kuvipa kazi.

6. "Mtoto dhaifu au mwenye ulemavu si wa kutafutiwa kipawa."

SI KWELI. Mtoto anaweza kuwa kiziwi na bingwa wa hesabu, au asiweze kusoma sawasawa na bado akachora ramani ya kijiji kizima kwa kumbukumbu. Hatari ni kwamba udhaifu hukifunika kipawa, na kipawa nacho huuficha udhaifu, hata mtoto akaonekana wa kawaida tu na kukosa msaada wa pande zote mbili.

Kwa Kwale kuna sura nyingine. Kichocho kimejulikana Msambweni kwa miongo mingi, na safura inayoletwa na minyoo ilikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba mradi wa TUMIKIA, kati ya 2015 na 2017, ulijaribu katika kaunti hii kuona kama dawa za minyoo zinafaa kupewa jamii nzima badala ya watoto wa shule pekee. Mtoto aliyepungukiwa na damu husinzia, husahau, huacha kazi katikati. Mwalimu asiyejua ataandika "mvivu". Anayejua atamtuma zahanati kwanza, kisha amtazame upya.

7. "Basari na shule kubwa zimeshamaliza tatizo."

NUSU KWELI. Mpango wa kaunti wa Elimu ni Sasa umewalipia karo vijana wengi wa Kwale. Ufadhili wa Wings to Fly upo tangu 2010. M-PESA Foundation Academy ilifunguliwa Thika mwaka 2016 kwa ajili ya wenye vipaji kutoka familia zisizojiweza. Jirani zetu Tanzania wana shule za vipaji maalum za serikali, zikiwemo Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Kilakala. Yote hayo ni mema.

Lakini milango hiyo humfungukia aliyekwisha kuonekana, na kwa miaka mingi kuonekana kulimaanisha alama za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulioanza 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho 2023. Basari humfikia mtoto akiwa na miaka kumi na minne. Msichana wa Kinango aliyekata tamaa akiwa na miaka tisa hakuijaza fomu. Mtaala wa umilisi ulioanza 2019 umeongeza nafasi kwa kuweka njia tatu katika sekondari ya juu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Hata hivyo njia haimchagui mtu. Ni mwalimu anayepaswa kumwelekeza.

8. "Mafunzo ya namna hii ni anasa, hatuwezi kuyamudu."

SI KWELI, na ushahidi upo hapahapa pwani. Mwaka 1986 ulianza Mombasa mpango wa madrasa za chekechea, baada ya jamii ya Waislamu kutaka watoto wao waingie shule ya msingi wakiwa tayari. Bi Swafiya Said, mwalimu mzoefu, alikuwa nguzo yake. Waliofunzwa walikuwa wanawake wa mtaani, wengi bila elimu ya juu. Vifaa vilitengenezwa kwa vitu vinavyopatikana karibu. Na mkufunzi aliwafuata darasani kuwaona wakifundisha. Mpango ukavuka hadi Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Muundo huo unatosha hata kwa vipawa. Hatuhitaji kila mwalimu wa Kwale apate digrii ya elimu maalum. Tunahitaji mkufunzi mmoja kwa kila zoni ya elimu, aliyesoma vizuri jinsi ya kuvitambua vipawa na kupanga kazi zenye viwango tofauti katika darasa moja, mwenye pikipiki na ratiba ya kuzunguka shule. Akimfunza mwalimu mmoja kila shule, na akirudi kumtazama darasani mara kwa mara, kazi imeanza.

Mzazi naye ana lake. Katika mkutano ujao wa wazazi, ukishauliza mwanangu ameshika nambari ngapi, ongeza maswali matatu: akimaliza kazi mapema hupewa nini? Ni jambo gani linalomfanya aulize maswali mengi? Na kuna mwalimu yeyote hapa aliyefunzwa kuwashughulikia watoto wa aina hiyo? Jibu la swali la tatu likiwa "hakuna", lipeleke kwa halmashauri ya shule na kwa afisa wa elimu, ukiwa na kifungu cha 44 mkononi. Hiyo ni haki iliyoandikwa, na haki isiyodaiwa hubaki kwenye karatasi.