Babu Anapotaka Kurudi Dakawa

Aliishi pale akiwa kijana mkimbizi. Leo ana wajukuu na anataka wapaone. Safi sana! Ila kabla hamjakata tiketi, kuna mazungumzo ambayo familia haiwezi kuyakwepa.

Mpenzi msomaji, ukitoka Morogoro mjini ukashika barabara ya Dodoma, baada ya muda si mrefu unafika Dakawa. Wengi wetu tunapajua kwa mpunga wa bonde la Wami, basi. Lakini kwa wazee fulani wa Soweto, Durban na Cape Town, jina hilo ni ujana wao wote. Hao ni wapigania uhuru wa Afrika Kusini, na miaka hii wengi wao wana hamu moja: kurudi pale mara moja kabla ya kufumba macho, wakiwa na watoto na wajukuu zao.

Si safari ya kwenda kupiga picha na tembo Mikumi. Hii inagusa ndoa, watoto na mambo yaliyofukiwa zaidi ya miaka 30.

Walifikaje huku?
Baada ya polisi wa makaburu kuwapiga risasi wanafunzi wa Soweto tarehe 16 Juni 1976, maelfu ya vijana walivuka mipaka. Wengine walichukua mafunzo ya kijeshi katika Umkhonto we Sizwe, jeshi la chama cha ANC, hasa kule Angola. Wengine walitaka kumaliza shule kwanza. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliwapa shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu, na wakajenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Watu walipozidi, mwaka 1982 wakapewa na eneo la Dakawa. Pale wageni wapya walipokelewa, watu wakafundishwa ufundi, wakalima na kujenga kwa msaada wa marafiki, wakiwamo watu wa Norway.

Mwaka 1990 Mandela akatoka gerezani, milango ya nyumbani ikafunguka. Julai 1992 Mazimbu na Dakawa zikakabidhiwa rasmi kwa Tanzania. Leo Mazimbu ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na Dakawa nako wanafunzi wanaendelea kusoma katika majengo waliyoyaacha. Hata huko Makhanda, mji uliokuwa ukiitwa Grahamstown, kuna kituo cha sanaa na ufundi chenye jina la Dakawa. Yaani wenzetu waliondoka na jina letu mfukoni!

Gari moja, safari tatu
Hebu fikiria familia ndani ya gari kutoka Msamvu. Babu aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1976 sasa anakaribia 70. Yeye anarudi kwa wenzake, hasa wale waliolala kwenye makaburi ya Mazimbu. Binti yake amezaliwa palepale Mazimbu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwake huku ndiko nyumbani kwa kwanza, na Afrika Kusini ndiyo ilikuwa ugenini, mahali alipofika akiwa na miaka kumi na kuchekwa kwa lafudhi yake. Mjukuu wa miaka 15 yeye anauliza kama kuna intaneti.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kumwachia babu safari yote, wengine wawe wasindikizaji. Binti naye ana machozi yake. Mpeni nafasi atafute nyumba aliyokulia na mama jirani aliyembeba. Mjukuu naye apewe kazi, kwa mfano kurekodi sauti ya babu kwa simu. Mtoto mwenye kazi hachoki haraka.

Damu iliyobaki Morogoro
Sasa tuingie jikoni. Vijana wale walikaa Morogoro miaka mingi. Walipenda, wakapendwa. Wapo waliofunga ndoa na dada zetu na kuondoka nao. Wapo pia walioondoka wakiahidi kuandika barua, na barua haikuja. Watoto waliobaki leo ni watu wazima wa miaka 30 na 40, wengine hawajawahi kumwona baba.

Kwa mila za Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kubwa. Kwa hiyo wengi wao hawakukosa ukoo wala jina. Walichokosa ni sura ya baba na jibu la swali dogo tu: kwa nini hukurudi?

Mama uliyeolewa na mzee wa namna hii, muulize mapema, mkiwa wawili, bila ukali. Swali liwe la wazi: kuna mtu wetu kule? Akikubali, watoto wake wa nyumbani waambiwe kabla ya ndege kupaa. Kumjua kaka yako katikati ya soko la Dakawa, mbele ya watu wanaotazama, ni aibu kwenu na dhuluma kwake.

Na wewe babu, usimtokee mtu mlangoni na begi la zawadi. Tuma mtu mzima atangulie kwa mama wa mtoto, au kwa wajomba kama mama ameshafariki. Kama huyo mama ana mume, heshimu nyumba yake. Ukiitwa, nenda ukaombe radhi, halafu nyamaza usikilize. Mwanao anaweza kukukumbatia, anaweza pia kukataa kukuona. Yote mawili ni haki yake.

Usimlazimishe aseme
Si kila kumbukumbu ya Dakawa ni nyimbo na mshikamano. Mwaka 1984 kulitokea maasi katika kambi za Angola, na baadhi ya wapiganaji walifungwa na chama chao wenyewe. Walipoachiwa mwishoni mwa 1988, kuna walioletwa Dakawa. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilikuja kuyasikiliza mambo hayo baadaye. Basi babu akinyamaza ghafla mbele ya jengo fulani, mjukuu asimwekee simu usoni. Kaeni kivulini, mpeni maji. Akikosa usingizi au akitaka kuondoka, ondokeni. Kumwona daktari kabla ya safari si kumdharau mzee.

Mambo ya kupanga
- Malaria: Morogoro ipo, na aliyekulia Johannesburg hana kinga. Pateni dawa za kujikinga, laleni kwenye chandarua.
- Njia: tangu Juni 2024 treni ya SGR inatoka Dar hadi Morogoro. Kwa mgongo wa mzee ni nafuu kuliko basi.
- Ruhusa: Mazimbu ni chuo, Dakawa kuna shule. Pigeni hodi kwanza ofisini.
- Makaburi: wapo wanaokuja na tawi la mti ili kuichukua roho ya ndugu na kuirudisha kwao. Waelezeni wenyeji mapema wasishtuke. Septemba 2024 Afrika Kusini ilirudisha nyumbani mabaki ya mashujaa wake waliozikwa Zambia na Zimbabwe, kwa hiyo jambo hili lina uzito kweli.
- Ratiba: siku moja Mazimbu, siku moja Dakawa, na siku moja ya kupumzika mkiutazama Uluguru tu.

Mpenzi msomaji, kama wewe ndiye uliyebaki Morogoro na ukasikia mzee yule anakuja, huna deni la kumpokea kwa vigelegele. Una haki ya kuuliza, kukasirika, hata kusema njoo kesho. Ila kama swali lako unalo, usiliahirishe sana. Wazee wale wanaisha, na majibu wanaondoka nayo.