Kusogeza Mistari ya XML

Bila shaka wengi wenu mmepata kuona faili la XML lililoandikwa na skripti: maneno yote yamebanana katika mstari mmoja mrefu kama garimoshi. Mashine hailalamiki, ila macho ya mtu huchoka. Ndiyo maana twataka kila kipengele kikae katika mstari wake, na kilichomo ndani ya kingine kisogezwe kulia kidogo.

Kwa watumiao Python kazi hii ni nyepesi tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020. Katika ElementTree mna amri iitwayo indent. Ukiupa mti wako kabla ya kuandika faili, husogeza kila daraja kwa nafasi mbili. Ukitaka nne, waitajia. Ile ya zamani, toprettyxml ya minidom, ukiipa faili lililokwisha kusogezwa huliongezea mistari mitupu. Mimi siipendi.

Lakini sharti mjue jambo moja. Kwa kanuni za XML, zilizotolewa mwaka 1998, nafasi tupu kati ya vipengele nayo ni maandishi, na programu isomayo hupewa yote. Katika orodha ya vitabu vya maktaba haidhuru. Katika sentensi hudhuru sana. Chama chetu cha kompyuta kinawaandikia watoto wa shule ya msingi mazoezi ya sarufi, na neno moja limo hivi:

<neno><mwanzo>Ali</mwanzo><shina>kula</shina></neno>

Likipitishwa katika indent huwa:

<neno>
  <mwanzo>Ali</mwanzo>
  <shina>kula</shina>
</neno>

Basi programu ya kuchapa, badala ya "Alikula ugali", hutoa "Ali kula ugali". Mtoto atauliza, Ali huyu ni nani, na nani kamfundisha Kiswahili?

Iko alama xml:space yenye neno preserve, iombayo nafasi ziachwe kama zilivyo, lakini indent haiitazami kabisa. Njia niionayo bora ni kuandika kazi yako mwenyewe ndani ya skripti: isogeze sura na mazoezi, ikifika kwenye sentensi isiingie ndani. Asiye na subira na aandike mafaili mawili, moja lililobanana la kuchapia, na jingine lililosogezwa la kusomea tu. Hilo la pili litokane na nakala iliyofanywa kwa deepcopy, maana indent hubadili mti wenyewe.