Tezi ya Shingoni na Macho ya Mzee

Mzazi aliyetimiza miaka 70 anapolalamika kwamba haoni vizuri, jamaa zake katika vijiji vya Muleba au mitaa ya Bukoba huwa na majibu mawili yaliyo tayari: ama ni uzee, ama ni mtoto wa jicho. Mara nyingi mmojawapo huwa sahihi. Lakini iwapo mzee huyo amewahi kuugua tezi ya shingoni, au amekonda ilhali anakula, mikono ikimtetemeka na moyo ukimwenda mbio, majibu hayo yaweza kumpotezea macho. Upo upofu wa namna nyingine, nao hausubiri.

Chanzo cha maradhi

Tezi ya thairoidi ina umbo la kipepeo, nayo imekaa mbele ya shingo. Kwa kutumia madini joto hutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya kazi za mwili. Mwaka 1835 Robert Graves wa Dublin, na mwaka 1840 Karl von Basedow wa Ujerumani, walieleza wagonjwa waliovimba tezi, wenye mapigo ya moyo ya kasi na macho yaliyotokeza. Hili si rovu la kawaida liletwalo na upungufu wa madini joto. Kwa hiyo kuongeza chumvi hakuliponyi. Hapa kinga ya mwili, iliyopaswa kupambana na vijidudu, huishambulia tezi yenyewe. Hushambulia pia misuli na mafuta yaliyo nyuma ya jicho.

Tundu la jicho ni kama kasha la mfupa lililo wazi upande wa mbele tu. Misuli na mafuta vikivimba humo, jicho husukumwa nje. Jambo hilo huogopesha, lakini kutokeza huko hupunguza msongo ndani ya kasha. Kope zikikaza na jicho lisitokeze, msongo wote huielemea neva ipelekayo picha kwenye ubongo. Ndiyo maana jicho lisilotokeza sana laweza kuwa katika hatari kubwa zaidi, na wazee ni miongoni mwa wanaopatwa na hali hiyo kwa wingi.

Dalili za kuangalia

Neva inapobanwa, rangi hufifia mapema. Mzee na azibe jicho moja na kutazama buni mbivu, kisha azibe la pili. Iwapo wekundu umechujuka kwa jicho moja kuliko jingine, aende hospitali siku hiyo hiyo. Hata hivyo, macho yote mawili yaweza kudhurika kwa pamoja, basi kuona sawa pande zote si hakikisho la usalama. Dalili nyingine ni kuona vitu viwiliviwili, maumivu nyuma ya jicho, na kope zisizofumba hata usingizini. Yafaa ikumbukwe kwamba macho yaweza kuugua hata damu ikionyesha homoni za kawaida.

Tiba na mpango wake

Kwanza, homoni zirekebishwe, kwa mfano kwa dawa ya kabimazoli, na zipimwe mara kwa mara, kwa maana kuzidi na kupungua kwake vyote hudhuru macho. Pili, tumbaku iachwe kabisa: huzidisha maradhi na kudhoofisha tiba. Tatu, daktari akitaja tiba ya madini joto yenye mnururisho, aelezwe habari za macho, kwani tiba hiyo yaweza kuyazidisha maradhi yake.

Neva ikiwa imebanwa, hutolewa dawa ya steroidi, methilpredinisoloni, kwa njia ya mshipa: miligramu 500 hadi 1,000 kwa siku, kwa siku chache. Dawa hii hupandisha sukari na shinikizo la damu na yaweza kuumiza ini. Hivyo haifai kununuliwa dukani na kutumiwa nyumbani. Kuona kusiporejea katika muda wa wiki mbili hivi, wapasuaji huondoa sehemu ya kuta za mfupa ili neva ipate nafasi. Dawa mpya, teprotumumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, hupunguza uvimbe, lakini ni ghali mno na yaweza kudhuru usikivu.

Safari ya matibabu

Kwa mkazi wa Muleba, mlango wa kwanza ni hospitali iliyo karibu, kama Rubya, Ndolage au Kagondo. Kisha hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Bukoba. Na kutoka hapo Bugando, Mwanza, ng'ambo ya ziwa, au Muhimbili. Kila hatua yaweza kula siku ambazo neva haina. Kwa hiyo mtoto anayemsindikiza mzazi asiseme tu kwamba "mzee haoni". Aseme tezi iligunduliwa lini, rangi zilianza kufifia lini, na dawa zipi zinatumika. Abebe majibu yote ya damu, na aulize waziwazi kama neva imebanwa na kama rufaa ni ya dharura.

Wakati wa kungoja, mzee alale kichwa kikiwa juu, atumie matone ya kulainisha macho aliyopewa hospitalini, wala asitiwe maji ya majani machoni. Nywele zikigeuka mvi ni uzee. Rangi zikififia machoni ni jambo la kuchunguzwa bila kukawia.